Kilichotoka Udongoni na Kilichobaki Ndani

Ripoti ya maabara ikiandika "haikugundulika", wengi husoma "haimo". Ni mambo mawili, na yanaachana mapema, kwenye hatua ya kukamua masalia ya kiuatilifu kutoka udongoni, kabla hata mashine ya kupimia haijawashwa.

Njia kongwe ni ya Soxhlet, ya mwaka 1879. Kiyeyushi huchemka, mvuke hupoa na kudondokea udongo, chombo kikijaa hujimwaga chenyewe, na mzunguko huo huweza kuendelea saa 16 hadi 24. Hukamua kwelikweli, ila hula mamia ya mililita za kiyeyushi, na joto huweza kuharibu viuatilifu dhaifu.

Mwaka 2003 ikaja njia ya haraka iitwayo QuEChERS, iliyobuniwa kwa ajili ya matunda na mboga. Udongo mkavu hulowanishwa kwanza, hutiwa mililita 10 hivi za kiyeyushi kiitwacho asetonitrili, hutikiswa, kisha humiminiwa magnesiamu salfeti na chumvi. Hapo mrija hupata moto mkononi, maana salfeti hiyo ikinyonya maji hutoa joto. Asubuhi moja hutosha kwa sampuli nyingi.

Watetezi wake husema hurejesha asilimia 70 hadi 120 ya kiuatilifu kilichotiwa kwenye udongo wa majaribio, kiwango kinachokubalika. Mimi husita. Asilimia hiyo kwa kawaida hupatikana kwa kudondoshea udongo safi dozi inayojulikana na kuikamua muda mfupi baadaye. DDT, sumu ya wadudu, iliyolala shambani miaka 30 imeshajipenyeza kwenye mboji na vitundu vya chembe. Haitoki kirahisi kama ya jana. Glifosati, dawa ya kuua magugu, ndiyo kabisa: hung'ang'ania madini ya chuma na alumini, asetonitrili ikaiacha palepale. Hutakiwa kukamuliwa kwa alkali na kupimwa kivyake, kwa hiyo orodha ndefu ya viuatilifu vilivyopimwa inaweza kurudi safi ilhali glifosati imo.

Turudi basi kwa Soxhlet? Si lazima. Sumu iliyonaswa kiasi hicho, nyungunyungu na mizizi nao mara nyingi huipata kwa shida, hivyo ukamuaji mpole huweza kukaribia zaidi hatari ya leo. Lakini anayenunua kiwanja kilichokuwa ghala la viuatilifu adai ule mkali, kwani mboji ikioza, iliyonaswa huweza kuachiliwa. Na kwa njia yoyote ile, mwenye udongo aulize kama urejeshaji ulijaribiwa kwa udongo unaofanana na wake. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji nyingi haukamuliki kama mchanga.