Hesabu ya Makofre

Swali lenyewe lilikuwa dogo. Tulikuwa matangani, hapa hapa Katuba, Lubumbashi, tumekalia viti vya plastiki vya kukodi, na kama ilivyo kawaida ya wanaume, tulimsikitikia marehemu kwa dakika 10, tukahamia mpira wa Mazembe, tukatoka Mazembe tukaangukia filamu. Jamaa mmoja akatamba kwamba nyumbani kwake ana filamu 100. Kisha akanigeukia: "Na weye, Papa Divine, uko nazo ngapi?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Mimi ni mtunza depo. Kazi yangu, tangu saa moja na nusu asubuhi, ni kuhesabu: boliti, mikanda ya mashine, glavu za ngozi, fyuzi. Niamshe usiku wa manane, nitakwambia fyuzi zimebaki ngapi na nani alichukua ya mwisho bila kusaini. Huyo ndiye aliyekaa kimya mbele ya majirani, akajifanya anapuliza chai iliyokwisha kupoa. Nikaapa kwamba kabla tanga halijaanuliwa nitakuwa na jibu.

Tatizo ni makofre. Sijui kwenu mnasemaje. Sisi Lubumbashi, kwa kuwa Kifaransa kimetukaa shingoni, lile sanduku la karatasi ngumu lenye filamu tatu, nne, sita za ukoo mmoja tunaliita kofre. Kasha la chuma la kuwekea pesa nalo tunaliita kofre, lakini mtu mwenye akili zake hawezi kuchanganya.

Ninayo makofre 9. Niliyanunua kwa Mzungu mmoja wa migodini aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, dola 20 kila moja, baada ya kumbembeleza majuma mawili. Zaidi ya hayo nina diski za filamu moja moja, 38, nilizookoteza miaka na miaka kwenye soko la Kenya, dola 3 kila moja. (Kenya ni mtaa wetu, jamani. Msiniulize nilipitia mpaka gani.)

Mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta akaniwekea programu ya kuorodhesha filamu. "Mjomba, ni rahisi. Unaandika tu zile tarakimu 13 za chini ya mistari myeusi, programu inaenda intaneti na kuleta yote: picha, waigizaji, mwaka." Akala bukari yangu na sombe, akaondoka. Watu wanaosema jambo ni rahisi huwa wana haraka ya kuondoka.

Kazi ya kunisomea tarakimu nikampa mwanangu Divine, miaka 9. Nikagundua kitu: zinazoanza na 30 hadi 37 zimesajiliwa Ufaransa, zinazoanza na 50 Uingereza, na tarakimu ya mwisho ni askari. Inapatikana kwa kupiga hesabu ya zile 12 zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea moja programu inakushika hapo hapo. Divine alikuwa akisoma huku anatafuna karanga, na kwake 6 na 9 ni kitu kimoja, inategemea umeketi upande gani. Programu ikamkataa mara nne. Haijawahi kukutana naye, na tayari inamjua kuliko mwalimu wake.

Diski moja moja zilikwenda vizuri. Jioni ya pili tukaanza makofre, na hapo ndipo nilipozeekea.

Kofre la kwanza lina filamu 6. Nikaingiza tarakimu zake, picha ikaja nzuri, na chini yake programu ikaandika: filamu 1. Moja! Nilitoa dola 20, nina saa zaidi ya 9 za kutazama, na nimehesabiwa sawa na yule aliyenunua diski moja ya dola 3 yenye mikwaruzo. Nikampigia mpwa. Akasema, "Mjomba, ligeuze liwe mama, halafu uliwekee watoto." Yaani unafungua ukurasa wa kofre lenyewe, huyo ni mama, na chini yake unafungua kurasa za filamu, kila moja na jina lake, mwaka wake na mwongozaji wake. Nikafanya hivyo. Watoto hawana tarakimu zao, kwa sababu mistari iko kwenye kofre tu, kwa hiyo programu ikawapa namba za kubuni, kama watoto waliochelewa kuandikishwa kwenye komini. Sawa. Nikatazama jumla.

Filamu 7.

Imemhesabu na mama! Filamu ya mama haipo. Huwezi kuitia kwenye mashine, haina mwanzo wala mwisho, ni karatasi ngumu. Kule depo, katoni ya boliti 100 ni boliti 100. Hakuna siku nilipoandika 101 kwa sababu katoni nayo ina haki zake. Ningeshafukuzwa kazi.

Nilipomaliza makofre yote 9, nilikuwa na majibu matatu. Ukihesabu vitu vilivyo kwenye rafu, ni 47. Ukihesabu filamu zenyewe, 38 za moja moja na 44 za ndani ya makofre, ni 82. Ukiiuliza programu, ni 91. Mama Divine alikuwa anapanga nyanya zake za kesho sakafuni, nikamweleza uchungu wangu. Hakuinua hata kichwa. "Hii ni fungu. Iko na nyanya tano. Mtu akiniuliza niko na ngapi, ninamwambia mafungu ishirini. Nani anahesabiaka nyanya?"

Nikamwambia fungu lake halina waongozaji wanne tofauti. Akasema hilo ni kweli, na ndiyo maana linauzika.

Sasa niwaambie kuhusu Rambo, maana huyu alitaka kunivunjia nyumba. Kofre langu ni la Kifaransa, filamu tatu: Rambo, Rambo 2, Rambo 3. Mtoto wa shule ya msingi anaelewa. Lakini mpwa ameiacha programu katika Kiingereza. Nikaandika "Rambo" kwa yule mtoto wa kwanza, wa 1982, kijana mwenye nywele ndefu anayesumbuliwa na polisi. Ikaniletea picha ya mzee! Stallone wa 2008, amepita miaka 60, shingo kama gogo. Nikafuta, nikaandika tena, mzee akarudi. Kumbe kwa Kiingereza ile ya 1982 haiitwi Rambo hata kidogo, inaitwa First Blood. Ile ya 2008 ndiyo wameiita Rambo peke yake, na Wafaransa, ili wasijichanganye, hiyo wakaiita John Rambo. Yaani Mfaransa alimpa kifungua mimba jina la ukoo, Mmarekani akalificha sandukuni miaka 26 akaja kumpa wa nne. Familia ya namna hiyo ikija kugawana urithi, lazima kuna mtu atapigwa panga.

Na Star Wars? Ya 1977 ni sehemu ya 4. Ya 1999 ni sehemu ya 1. Divine akaniuliza, "Papa, hawa hawakusoma hesabu?" Nikamwambia asome tarakimu.

Programu ilitaka pia urefu wa kila filamu kwa dakika, na kofre limeandika jumla tu. Nikasema basi nitazitia diski kwenye kompyuta nione mwenyewe. Hapo nikakutana na siasa. Kumbe dunia ya DVD imegawanywa kanda, na diski ya kanda moja haichezi kwenye mashine ya kanda nyingine. Ulaya na Japani ni kanda ya 2. Afrika Kusini na Misri wamewekwa huko huko pamoja na wakubwa. Sisi Wakongo tuko kanda ya 5, na Urusi, na India. Sikumbuki kuitwa kwenye kikao. Makofre ya Mzungu yote ni kanda ya 2. Mashine yangu ya sebuleni imetoka China, haina ubaguzi, inameza kila kitu. Kompyuta ndiyo yenye maringo: inakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, ukimaliza ya 5 imefunga ndoa ya kanisani. Mimi nimeshatumia 4, na mbili kati ya hizo alikuwa Divine anabonyeza tu aone kitakachotokea.

Iko pia diski moja ambayo sikuiingiza kabisa, ile wanayouza barabarani imeandikwa "filamu 24 ndani". Diski moja, filamu 24, kila moja imebanwa mpaka nyuso zimekuwa vipande vya sabuni. Nne ni filamu moja yenye majina manne. Nyingine ilirekodiwa ndani ya sinema kwa kamera ya mkononi, na katikati ya mapigano kichwa cha mtu kinainuka kwenda chooni na kurudi. Kimeonekana kuliko mwigizaji wa pili. Nitamwandika wapi? Nimeirudisha kwenye droo ya soksi.

Kuna sehemu ya kuandika vitu ulivyoazimisha. Hii niliipenda, kwa sababu shemeki yangu aliazima diski ya Rambo 2 mwaka juzi, na kila nikimkumbusha anasema bado hajafika mwisho. Filamu ya dakika 96! Nikataka kumwandika, programu ikakataa: mtoto haazimwi peke yake, anaondoka na mama na ndugu zake. Basi nikaandika kofre zima liko kwa shemeki. Mimi ninalitazama liko rafuni, kompyuta inaniambia halipo. Nikaacha, usiku ulikuwa umekwenda na umeme ulikuwa umeshaanza kupepesa.

Kosa langu kubwa lilikuwa bei. Kulikuwa na nafasi ya bei, na mimi, kwa mazoea ya depo, siwezi kuona nafasi tupu. Nikaweka 3 kwa kila diski ya peke yake, nikaweka 20 kwa kila kofre, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi nikamkuta Mama Divine amesimama mbele ya kompyuta. Ametia kitenge cha kwenda sokoni, lakini hajaenda sokoni.

"Papa Divine. Njo nini hii?"

Pembeni ya skrini, kwa herufi nene za kijani: dola 1.174.

"Mwezi uliopita uliniambia hauna makuta ya minervali ya shule ya Divine. Mukubwa wa masomo akamurudisha mutoto nyumbani. Kumbe makuta iko mu bile bisanduku!"

Nikakimbilia kiti. Ikawa hivi: bei ya mama, ile 20, programu ilikuwa imeirithisha kwa kila mtoto. Watoto 44, kila mmoja na dola 20 zake, 880. Mama zao 9 nao wakashika zao, 180. Ongeza 114 za zile moja moja. Nikamweleza taratibu, kwa vidole, kwa kalamu, mpaka kwa nyanya. Mimi niliyekesha nikipigania watoto wahesabiwe mmoja mmoja, sasa nilikuwa ninawakana mbele ya mashahidi. "Mama Divine, kofre ni kitu kimoja! Ni fungu! Nani anahesabiaka nyanya?" Nikafuta bei za watoto moja baada ya nyingine, jumla ikawa inashuka, 1.154, 1.134, na yeye amesimama juu ya bega langu kama mkaguzi wa forodha wa Kasumbalesa. Ikatua kwenye 294.

Nikashusha pumzi. Yeye hakushusha.

"Mia mbili makumi tisa na ine," akasema polepole. "Na hii njo ya kweli?"

Sikuwa nimewahi kumwambia kuhusu hiyo pia.

Ningedhani mambo yangeishia hapo, lakini Divine alikuwa mezani anakunywa uji na masikio yake yote mawili. Akaenda shule. Shuleni anaketi benchi moja na mtoto wa mwenye nyumba wetu. Sijui alisema nini hasa, ila najua kilichofika: kwamba Papa Divine ana makofre 9 chumbani, na ndani yake mama amekuta dola zaidi ya 1.000.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi geti likagongwa. Mwenye nyumba mwenyewe, na kofia. Tunadaiwa kodi ya miezi miwili, siwafichi. Akakaa, akakataa chai, akasema kwa heshima kubwa kwamba yeye si mtu wa kuchungulia mali za watu, lakini anaomba tu ayaone hayo makofre, hata moja, moyo wake utulie.

Nikamletea la Rambo. Akaligeuza. Akalitikisa sikioni. Akalifungua, akaona diski ya kwanza, akaona ya tatu, na katikati akaona shimo.

"Na iliyokuwa hapa?"

"Iko kwa shemeki."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyegundua ilikopitishwa kodi yake. Kisha akalifunga kofre vizuri, akaliweka kwapani, akasema analishika kama dhamana mpaka mwisho wa mwezi, na kama mke wake atalitazama hilo si kosa lake. Akaondoka nalo.

Mimi mtunza depo siwezi kuacha kitu kitoke bila karatasi. Nikawasha kompyuta, nikalitafuta kofre, nikaenda kwenye sehemu ya kuazimisha, nikaandika jina la mwenye nyumba. Kupitia dirishani nilikuwa ninamwona bado, anavuka barabara, kofre kwapani. Programu ikafikiri kidogo, ikaniandikia kwa wekundu kwamba haiwezekani: kofre hilo halipo, liko kwa shemeki.