Picha hazimlipi anayefua

Jamani, hili limenichosha. Mtu anataka vyumba 12 vya kulala hapa kwetu kwa wapambe wa harusi, tena Jumamosi, msimu wa wageni umepamba moto, halafu anaomba nusu bei kwa sababu "nitawatangaza kwenye ukurasa wangu wa safari". Punguzo la kundi tunalo, aulize tu, na katikati ya wiki tunashuka zaidi. Mwaka jana tulikubali ombi kama hili. Tukapata picha moja: gauni limejaa fremu nzima, chumba hakionekani, jina letu limekosewa. Na wasomaji hawakuambiwa kwamba sifa ile ilikuwa malipo, jambo linaloniudhi hata zaidi. Asubuhi yake zilibaki foronya 24 zenye madoa ya wanja, na dada anayezifua anadai ujira wake, pesa taslimu.