Arobaini si mzigo mmoja

Mwezi uliopita mdogo wangu kajifungua hapa Chake Chake, Pemba, na mtoto hajapata hata jina nyumba ikawa imeshagawika. Bibi yetu anataka mzazi akae ndani siku 40, akandwe kwa maji ya moto, anywe uji wa pilipili manga, mtoto afungwe mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, na apewe maji ya mchango, yaani dawa ya mizizi ya tumbo. Shemeji yangu, anayesoma sana mambo ya malezi kwenye simu, anasema yote hayo yamepitwa na wakati. Kila mmoja anaichukua arobaini kama mzigo mmoja: ama uubebe wote, ama uutue wote.

Naanza na Bibi, maana yeye ndiye anayedharauliwa upesi. Mzazi wetu hapiki, hafui, hachoti maji. Mtoto akilia saa nane za usiku, pana mikono ya kumpokea. China nako mzazi hukaa ndani mwezi mzima, na Mexico wana siku 40 zao kama sisi. Tena fuko la uzazi huhitaji kama wiki 6 kurudi katika hali yake, na hizo ni siku 42. Marekani, pamoja na utajiri wake, sheria ya taifa ya mwaka 1993 inampa mzazi wiki 12 za likizo bila malipo, na wengi haiwagusi. Mwanamke aliyerudi kazini akiwa bado na maumivu angeililia arobaini yetu.

Lakini kinachoingia kinywani mwa mtoto ni jambo jengine. Hapo nasimama na shemeji. Shirika la Afya Duniani linataka maziwa ya mama matupu kwa miezi 6, hata maji yasiongezwe. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka haliviwezi. Wapo watakaoniuliza kuhusu sunna ya tende. Ile ni tende iliyolainishwa, kidogo tu, ikapakwa kwenye kaakaa. Haifanani na kikombe cha dawa ya mizizi asubuhi na jioni. Wanja nao, baadhi yake una madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo unaokua. Linalonitisha zaidi ni mlango kufungwa. Mtoto mwenye homa, au aliyeacha kunyonya, au ambaye kitovu chake kinatoa usaha, hawezi kungoja arobaini itimie.

Hata hivyo, shemeji naye hukosea anapoamini kwamba kila kilichoandikwa ng'ambo kinatufaa. Kisiwani humu humu watoto wa chini ya miaka 3 walipewa madini ya chuma pamoja na vitamini ya foliki, katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006. Kulazwa au kufariki kukazidi kwa asilimia 12 kuliko kwa watoto wasiopewa, na utoaji wa madini hayo ukasimamishwa. Palipo na malaria nyingi, chuma kilichotarajiwa kumjenga mtoto kinaweza kumdhuru. Hata dawa ya kusafishia kitovu iliyopunguza vifo Nepal na Bangladesh, ilipojaribiwa Pemba haikuonesha faida ya wazi kwenye vifo. Kwa hiyo dawa ya Bibi na ushauri wa kwenye simu nataka vyote viulizwe swali moja: kimewafanya nini watoto wa hapa?

Kwa mvuje sina ugomvi, maadamu umefungwa kwenye kitambaa na mtoto haufikishi mdomoni. Kukandwa pia, maji yasiwe ya kuunguza na mshono ulindwe.

Siku ya kumi mtoto alipelekwa kliniki, kafunikwa kanga mbili, na Bibi mwenyewe ndiye aliyempakata njia nzima. Maji ya mchango bado hatujamalizana. Kichupa kipo juu ya kabati, na kila nikipita hukitazama kama kimepungua.