Gari Limelala, Mimi Natembea

Jamani, mtu akikuuzia Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 akakuapia kwamba haiogopi baridi, huyo hasemi uongo. Ndiyo ubaya wenyewe. Injini inapozwa kwa upepo, haina rejeta, haina tone la maji la kuganda. Wenye magari mengine wanahangaika na dawa ya rejeta, maana maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9 na yanaweza kupasua bloku ya injini. Mimi injini yangu nzima kabisa. Anayeganda ni dereva.

Aliyebuni hita ya gari hili sijui alikuwa na ugomvi na nani. Feni inapuliza hewa ipite penye joto la ekzosi huko nyuma iliko injini, halafu hewa hiyo inasafiri ndani ya vizingiti vya bati chini ya milango mpaka ifike miguuni. Safari yote hiyo, joto lenyewe limeshashukia njiani! Ukikimbiza injini linakuja kidogo, ukikwama kwenye foleni linaaga. Basi mimi kwenye foleni naweka gia huru nakanyaga mafuta, madereva wenzangu wanadhani natafuta mashindano. Natafuta vidole vyangu, ndugu zanguni. Kioo nacho kinaganda kwa ndani, tena kwa pumzi yangu mwenyewe. Mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili unakwangua barafu, na gia inadai wa tatu.

Lakini baridi naisamehe. Chumvi siisamehi. Wanaimwaga barabarani iyeyushe barafu, sawa, lakini yale maji ya chumvi yanarukia chini ya gari, yanajibanza kwenye kila mkunjo wa bati, na kutu inapata karamu. Tena inaanzia wapi? Kwenye vilevile vizingiti vya hita! Njia pekee ya joto langu ndiyo inayotafunwa mapema. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili haangalii rangi ya Beetle. Analala chali kwanza, anapapasa.

"Liweke kwenye gereji yenye joto." Asante sana. Gari lililolowa chumvi ukiliingiza kwenye joto, kutu inaongeza mwendo. Inabidi uliogeshe kwanza, tumbo lote, siku ambayo maji yameganda ndani ya mpira.

Kwa hiyo mwaka huu nimelilaza mpaka msimu upite. Nilidhani kulaza gari ni kufunga mlango na kwenda zako. Wapi! Linataka oili mpya, eti ya zamani ina asidi itakayokaa ikitafuna injini polepole. Linataka tangi lijae, unyevu usipate pa kukaa. Hendibreki usiivute, itang'ang'ania. Weka gia na kabari. Betri ikiishiwa chaji huganda, kwa hiyo nayo ina chaja yake ndogo, inalishwa usiku kucha. Na kifuniko kisiwe cha nailoni, kitafungia unyevu. Kiwe cha kitambaa kinachopumua. Mimi nalala na blanketi lenye tundu, gari limenunuliwa shuka inayopumua! Kisha asubuhi navaa viatu, nakanyaga theluji kwa miguu kwenda kazini, mtu mwenye gari.

Na jirani yangu mjuaji hakosi. "Mzee, uwe unaliwasha dakika tano kila wiki, lisisahau kazi." Nikamkalisha chini. Nikamweleza kwamba petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na dakika tano hazitoshi kuupasha moto ukatoka. Unabaki kwenye oili na kwenye sailensa, kutu inaanzia ndani. Ama uliendeshe mpaka lipate moto kabisa, ama uliache lilale. Akanisikiliza vizuri, anaitikia kila neno kwa kichwa.

"Nimekuelewa, mzee," akasema. "Basi nipe funguo, niwe nakuwashia mimi."