Ng'ombe akiogopa, pumba unayompa inaenda wapi?

Nianze na Neema maana yeye ndo kanifanya nikae chini niandike. Neema ni ng'ombe wangu, chotara wa Friesian, yuko hapa nyuma ya nyumba Tukuyu tangu akiwa mtamba, hajazaa bado, na alipozaa mara ya pili alikua anatoa lita 14 kwa siku, 8 asubuhi na 6 jioni, bila shida yoyote. Afu ikaanza kushuka, 12, 11, mpaka tukafika 9, na chakula ni kilekile, majani ya gwatemala, migomba ya kukatakata, pumba na mashudu kilo zilezile, maji yapo, dawa ya minyoo kapewa, kiwele kimepimwa hakina ugonjwa. Nikaongeza pumba. Ikabaki 9. Nilikua namwaga hela kwenye hori na siioni inakotokea.

Daktari wa mifugo alipokuja akampima joto, akamwangalia macho, akaniuliza, "Mama, anayekamua ni nani?" Nikamwambia ni kijana wangu wa kazi. Akasema sawa, asiitwe kwanza. Akachukua kile kipimo chao cha kuvaa masikioni akakiweka ubavu wa kushoto nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, akahesabu dakika nzima, mapigo 66. Akanivalisha na mimi nisikie, taratibu kabisa, kama mtu anatwanga hana haraka. Sasa nikiwa bado nimekivaa yule kijana akaingia bandani na ndoo yake, hajamgusa ng'ombe, hajasema neno, ameingia tu, na ule moyo ukabadilika nikiusikia. Daktari akahesabu upya, 104. Na kwa nje huoni kitu jamani, Neema kasimama palepale, kilichobadilika ni kwamba ameacha kucheua, basi.

Kijana alipoulizwa hakuficha. "Mama, huyu mkorofi, bila kumchapa hasimami." Alikua anatumia kipande cha mpira wa maji. Na mimi nisimtupie yeye mzigo wote, nilikua nasikia ile milio kutoka jikoni asubuhi na nikawa nanyamaza, nikijua ng'ombe ndo wanavyofundishwa.

Sasa kinachotokea ndani ni hiki. Ng'ombe anapoandaliwa kukamuliwa, unamwosha kiwele, unamkanda, ubongo wake unamwaga homoni inaitwa oksitosini, inasafiri kwenye damu mpaka kwenye kiwele ndo anashusha maziwa, na kazi yake haikai, ni dakika chache tu. Akiogopa, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mishipa ya damu ya kwenye kiwele inabana, oksitosini hata kama ipo haifiki vizuri na mara nyingine haitoki kabisa. Ndo maana tunasema ng'ombe "kaficha maziwa", tunamlaumu ana roho mbaya, kumbe hajaficha, amefungwa na mwili wake mwenyewe. Hili lilishajulikana zamani, mwaka 1941 kule Marekani watafiti Ely na Petersen walimtisha ng'ombe makusudi kwa kumwekea paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi kila sekunde 10, na maziwa yakagoma kushuka. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada na Denmark wakaonyesha kwamba yule mtu aliyewahi kuwatesa ng'ombe hana haja hata ya kuwagusa, akisimama tu karibu wakati wa kukamua maziwa yanabaki kwenye kiwele. Nikisoma hiyo nakumbuka ile 104.

Lakini maziwa ni sehemu ndogo ya habari, na hapa ndo ningependa mfugaji mwenzangu atulie kidogo. Hofu ya dakika moja, mbwa kabweka, gari limepiga honi, mwili unairudisha wenyewe na maisha yanaendelea. Hofu ya kila siku ni jambo jingine kabisa, kwa sababu hapo inaingia kotisoli, homoni nyingine ya tezi zilezile za juu ya figo, na kotisoli kazi yake ni kuuambia mwili utoe akiba, ini litengeneze sukari, nyama ya mwili ivunjwe ipate kutengenezewa hiyo sukari, kinga ishuke, uzazi usubiri. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye kule Kanada aliandika kuhusu panya aliokua anawatesa kwa njia mbalimbali, baridi, sumu, kuwachosha, na kila alipowapasua akakuta mambo yaleyale matatu, tezi za juu ya figo zimevimba, viungo vya kinga vimesinyaa, tumbo lina vidonda. Kwa hiyo ile pumba niliyokua naongeza iliishia hapo, mwili wa Neema ulikua unajiandaa kukimbia tu, kila asubuhi na kila jioni, safari ambayo haianzi.

Ukitaka kuona hili kwenye nyama nenda ukasimame mnadani ng'ombe wakishushwa kwenye Fuso, wametoka Usangu au Chunya wamesimama njia nzima, wamechanganywa wasiojuana wanapigana pembe humohumo, wanashushwa kwa fimbo na kukunjwa mkia. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli, glaikojeni, inaishia njiani, na kwa ng'ombe kuirudisha inachukua siku kadhaa. Akichinjwa hivohivo nyama haipati asidi ya kutosha, badala ya pH (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) ya kama 5.5 inabaki 6 na kuendelea, inakua nyeusi, ngumu, na inaharibika upesi. Mteja anaikataa anasema ng'ombe alikua mzee. Nguruwe ndo usiseme, moyo wake mdogo ukilinganisha na lile tumbo lote, jasho la kumpoza hana, halafu tunamfunga miguu tunamlaza nyuma ya bodaboda kutoka Mbozi mpaka Mbeya mjini anapiga kelele, akifika kafa tunasema joto. Joto lipo, ni kweli, ila na moyo nao umeshindwa.

Kuhusu moyo wenyewe kuna sungura siwezi kuwasahau. Mtafiti Robert Nerem na wenzake Marekani, mwaka 1980, walikua wanawalisha sungura chakula chenye kolesteroli nyingi, wote kilekile, lakini kundi moja lilikua linabebwa, linapapaswa, linaongeleshwa kila siku. Walipopima mishipa mikubwa ya damu, wale waliopapaswa walikua na mafuta yaliyoganda pungufu kwa kama asilimia 60. Chakula kilekile! Kwa nyani wa Masai Mara pale Kenya, mtafiti Robert Sapolsky ambaye alianza kuwafuatilia 1978 aliona wale wa chini kwenye kundi, wanaoonewa kila siku, wana kotisoli juu na kolesteroli nzuri, ile inayolinda mishipa, iko chini. Na usidhani wababe wanapona, mtafiti mwingine wa Marekani, Jay Kaplan, alipokua anavuruga makundi ya tumbili kila mara wasizoeane, waliozibwa mishipa ya moyo zaidi ni wale madume wababe, maana kila kundi jipya ni vita upya.

Najua watu watasema haya ni mambo ya wazungu, ng'ombe ni ng'ombe, ukimdekeza halimi. Hapo nakataa kabisa. Wazee wetu Wanyakyusa walilala nyumba moja na ng'ombe, upande huu watu upande ule ng'ombe, bibi yangu alikua anamjua kila mmoja kwa tabia na hakuna mtu alithubutu kuingia anafoka. Fimbo za hovyo hazikutoka kwake, tumezileta sisi wa juzi wenye haraka ya kuwahi kituo cha maziwa. Na hata serikali imeshaliona, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, ila sijawahi kuona mtu anaulizwa kitu mnadani.

Sisemi maziwa yakishuka basi ni stresi, hapana, angalia kwanza ndigana (ugonjwa wa kupe), minyoo, kiwele, chakula, mimba. Nachosema ni kwamba ukishaangalia hayo yote na bado huoni, kaa kimya nje ya banda wakati wa kukamua usikilize.

Yule kijana hakufukuzwa, alihamia kwenye kukata majani na bustani, na kukamua nikachukua mwenyewe. Ilichukua karibu miezi 2 Neema akaanza kucheua nikiwa nakamua, na maziwa yakapanda taratibu mpaka 12, 14 hatujaiona tena kwa uzao ule. Yule kijana siku hizi anampelekea chumvi mkononi. Neema anaichukua akiwa ameinyoosha shingo yote, miguu ameiacha nyuma kulekule.