Hataza za Ugenini na Ubunifu wa Nchi Ndogo

Kila inapochapishwa orodha ya hataza (haki za kisheria zinazompa mvumbuzi umiliki wa pekee wa uvumbuzi wake) zilizotolewa Marekani au Ulaya, ikipangwa kwa nchi wanakotoka wavumbuzi, nchi ndogo huuliza kwa nini ubunifu wao upimwe kwa daftari la watu wengine. Malalamiko hayo yana uzito, ingawa kwa nchi ndogo daftari la nyumbani ndilo lisiloaminika zaidi.

Hataza hulinda uvumbuzi ndani ya mipaka ya nchi iliyoitoa tu. Mvumbuzi ambaye soko lake la nyumbani ni la watu milioni chache hana sababu kubwa ya kujilinda humo, kwa kuwa washindani wake wako kwingine na wanunuzi vilevile. Mkataba wa kimataifa wa Paris wa 1883 unampa miezi 12 tangu ombi lake la kwanza kuamua aombe wapi kwingine bila kupoteza tarehe ya ombi hilo la kwanza, na katika miezi hiyo ndipo mawazo mengi hufa. Atakayeendelea atalipa wakala, wafasiri na ada za uchunguzi. Akishapewa hataza ya Marekani, atalipa tena baada ya miaka mitatu na nusu, saba na nusu, na kumi na moja na nusu ili isife. Nyumbani mlango unaweza kuwa mpana mno: Uswisi, ambayo hakuna anayeudharau ubunifu wake, kwa miaka mingi imetoa hataza za kitaifa bila kuchunguza kama uvumbuzi ni mpya kweli.

Kulinganisha Ufini na Marekani katika ofisi ya hataza ya Marekani ni kuionea Ufini, maana mmoja yuko kwake na mwingine ni mgeni. Lakini Ufini, Denmark na Israeli wote ni wageni pale, wanapimwa kwa sheria moja na kulipa ada zile zile, na sijui ni wapi pengine wangelinganishwa kwa haki zaidi.

Wapinzani wa kuhesabu hataza za ugenini husema kwamba hesabu hii haioni kisichoombewa hataza, na ni kweli. Mwaka 1991 Linus Torvalds alianzisha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, akiwa mwanafunzi Helsinki, akaiachia dunia bure. Mwanahistoria wa uchumi Petra Moser ameonyesha kwamba katika maonyesho makubwa ya London ya 1851, takriban asilimia 11 tu ya vitu vya Waingereza vilikuwa na hataza. Uholanzi nayo haikuwa na sheria ya hataza kuanzia 1869 hadi 1912, na kampuni yake ya vifaa vya umeme, Philips, ilianzishwa katikati ya kipindi hicho. Hata hivyo, kipimo kisichoona kila kitu si lazima kiwe kinadanganya kuhusu kile kinachokiona.

Hoja nzito zaidi, ambayo wapinzani huigusa kwa nadra, ni jina la nani linalohesabiwa. Hati ya hataza humtaja mvumbuzi na mahali anapoishi, na humtaja pia mmiliki, ambaye mara nyingi ni kampuni. Skype, programu ya kupiga simu kwa intaneti, iliandikwa na wahandisi wa Estonia, waanzilishi wake wakuu walikuwa Msweden na Mdenmark, na kampuni ikasajiliwa Luxembourg. Kwa kazi ya namna hiyo, ukihesabu wamiliki utaisifu Luxembourg, na ukihesabu wavumbuzi Estonia ndiyo itakayoonekana. Takwimu za Shirika la Miliki Bunifu Duniani hufuata mwombaji, ambaye mara nyingi ndiye mmiliki, ilhali zile za ofisi ya Marekani kwa kawaida hufuata mvumbuzi aliyetajwa kwanza, hivyo majedwali mawili yanaweza kupingana bila hata moja kukosea. Katika nchi kubwa tofauti hizo humezwa na wingi wa maombi. Katika nchi ndogo zinaweza kuwa ndiyo habari yote, kama Ufini ilivyoishi miaka mingi na takwimu zilizopanda na kushuka pamoja na Nokia.

Hata kumfuata mvumbuzi wa kwanza hakutoshi. Mhandisi wa nchi ndogo aliye katika timu ya kampuni ya kimataifa akiandikwa wa pili au wa tatu, kwa hesabu hiyo ni kama hakuwapo. Dawa ipo, nayo si kuifuta hesabu ya ugenini: ni kuigawa kila hataza sawa kwa wavumbuzi wake wote, kisha kutazama wastani wa miaka kadhaa. Jedwali likitolewa bila kueleza limemhesabu nani, nafasi ya nchi ndogo humo isipewe uzito wowote.