Kwaheri Waliyonyimwa Wenyewe

Kinachonikera hadi leo katika Star Trek: Enterprise, tamthilia ya televisheni kuhusu wasafiri wa anga za juu, ni sehemu yake ya mwisho, iliyorushwa Marekani mwezi Mei 2005. Kwa misimu 4 tulimfuata Kapteni Archer na wenzake, tukawaona wakikosea, wakizozana na wakijifunza kuaminiana. Kisha, siku ya kuwaaga, tunaambiwa kwamba tunachokitazama ni maigizo ya kompyuta yanayoendeshwa na Riker, ofisa wa tamthilia nyingine, anayetafuta mwongozo kuhusu tatizo lake mwenyewe. Jonathan Frakes, anayemwigiza Riker, ni mwigizaji ninayemheshimu sana, na Riker nampenda, lakini kwaheri ile haikuwa yake.

Baya zaidi ni kifo cha Trip Tucker. Mhandisi huyo, aliyeokoka katika hatari kubwa mno, anajitoa mhanga kumwokoa Archer dhidi ya wavamizi wachache tu walioingia chomboni, na wenzake hawapewi hata nafasi ya kumlilia ipasavyo, kwa sababu Riker anaweza kuyasimamisha maigizo wakati wowote apendao. Hata hotuba ya Archer kuhusu muungano wa sayari, jambo ambalo tamthilia nzima ilikuwa ikilielekea, hatuisikii: Archer anasimama mbele ya umati, Riker anazima programu na kuondoka na Troi, ofisa mwenzake.

Sehemu mbili zilizotangulia, zinazohusu kundi la Terra Prime, zilitosha kabisa kuwa kwaheri, na yeyote anayeniomba nimwelekeze katika tamthilia hii humshauri aishie hapo.